Skana, redio ya upepo au kipokezi cha USB? Kuchagua redio ya bei nafuu ya kusikiliza vyombo vya angani

Mtu akinijia na kusema ana laki moja na anatafuta skana (redio ya kupokea tu, inayoruka yenyewe kutoka masafa hadi masafa) ya kusikiliza setilaiti, simtumi dukani kwanza. Namuuliza anataka kusikia nini. Sauti ya mwanaanga akijibu maswali ya wanafunzi ni jambo moja. Picha ya mawingu yaliyotanda juu ya Bahari ya Hindi ni jambo lingine. Mazungumzo ya wapenzi wa redio wa Ulaya, Brazili na Afrika Kusini, yakipitia setilaiti iliyotulia juu ya bara letu usiku na mchana, ni la tatu. Kila moja lina kifaa chake, na kile kinachouzwa kwa jina la "skana" ndicho kinachokula pesa nyingi na kurudisha kidogo kwa kazi hii. Nimefikia hapo baada ya kutumia aina zote tatu juu ya paa la nyumba yetu Tanga, na nitaeleza sababu.

Kinachosikika leo

Kilicho rahisi kuliko vyote ni Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ISS. Kinazunguka dunia kwa kimo cha kilometa 400 hivi, na mzunguko mmoja unachukua dakika 90 na kitu. Redio yake ya ridhaa, yaani ile ya wapenzi wa redio, hushuka kwenye megahezi 145.800 kwa FM ya kawaida. Hapo ndipo wanaanga husikika wakizungumza na shule, na hapo ndipo mara chache kwa mwaka hurushwa picha za SSTV, yaani picha iliyogeuzwa kuwa mlio, ambayo simu yenye programu ya Robot36 huichora upya mstari kwa mstari. Kwenye 145.825 kuna pakiti za data: mkwaruzo mfupi, "krrrt", kisha kimya, kisha mwingine. Kwenye 437.800 kituo hurudisha chini sauti za watu wa ardhini wanaokitumia kama mnara wa kupokezana.

Kwa kimo hicho ISS inaonwa na redio yako hata ikiwa umbali wa kilometa 2,000 na zaidi kidogo kutoka ulipo. Ikiwa juu ya Madagaska, mtu wa Tanga anaisikia. Lakini haikai. Ikipita vizuri juu ya kichwa unapata kama dakika kumi, halafu inazama.

Nyingine ya FM ni SO-50, setilaiti ndogo ya Saudi Arabia iliyorushwa Desemba 2002 na ambayo bado inafanya kazi. Inashuka kwenye 436.795. Ni dhaifu kuliko ISS, na inataka antena ya maana.

Iko AO-7 pia, ambayo naipenda kuliko zote. Ilirushwa Novemba 1974, betri zikafa mwaka 1981, ikanyamaza kwa miaka zaidi ya ishirini, kisha mwaka 2002 ikaanza kusikika tena. Haina betri, inaishi kwa jua tu, na ikiingia kwenye kivuli cha dunia inazimika. Inashuka karibu na 145.950, ila kwa SSB (njia nyingine ya kurusha sauti, kwa mawimbi membamba kuliko FM) na mosi (milio mifupi na mirefu inayosimama badala ya herufi), si FM. Kumbuka hilo, maana linawatoa redio nyingi kwenye mchezo.

Kwa picha za hali ya hewa, tahadhari moja kubwa: maelezo mengi yanayozunguka mtandaoni yamepitwa na wakati. Kwa miaka mingi anayeanza aliambiwa aanze na NOAA 15, 18 na 19 za Marekani, zilizorusha picha za analogi kwenye megahezi 137, rahisi kiasi kwamba hata skana iliyounganishwa na kompyuta ilizipata. Zote tatu zilizimwa mwaka 2025, ya 18 Juni, nyingine mbili Agosti. Usinunue kifaa chochote kwa ajili yao. Zilizobaki kwenye bendi hiyo ni Meteor-M za Urusi, N2-3 ya mwaka 2023 na N2-4 ya mwaka 2024, zinazotumia 137.900 na 137.100. Picha zake ni nzuri kuliko za NOAA, lakini ni za kidijitali, na mawimbi yake ni mapana mno kwa redio ya FM ya mkononi. Ukiisikiliza Meteor kwa skana utasikia mvumo tu, kama mvua juu ya bati.

Ya mwisho ni QO-100, na hiyo nitaipa nafasi yake huko chini, kwa sababu kwetu sisi wa Afrika Mashariki ni tunu ambayo wengi hawajui wanayo.

Watu huniuliza pia kuhusu Taifa-1 ya Kenya, iliyorushwa Aprili 2023. Hiyo ni setilaiti ya kupiga picha za ardhi, na data zake zinakwenda kwa wenyewe. Hakuna sauti ya kusikiliza. Vivyo hivyo mazungumzo ya kikazi kati ya NASA na wanaanga: yanapitia setilaiti za kupokezana kwa mitambo ya kidijitali, na hakuna redio ya dola 100 itakayokupa hayo.

Skana halisi: Uniden BC125AT

Tuanze na yenye jina. BC125AT ni skana ya mkononi ya analogi, ina chaneli 500, na hupokea megahezi 25 hadi 54, 108 hadi 174, 225 hadi 380, na 400 hadi 512, kwa AM na FM. Bei yake ni zaidi ya dola 100, kabla ya usafirishaji na ushuru. Ipo ndogo yake, BC75XLT, yenye chaneli 300 na masafa machache zaidi.

Uzuri wake haupingiki. Ni redio ya kupokea tu, kwa hiyo huwezi kurusha kwa bahati mbaya. Inatumia betri mbili za kawaida za AA, zile zinazopatikana kila duka la mtaa. Mtu akiwa karibu na minara ya redio na simu, inavumilia makelele kuliko redio za bei ya chini. Kuruka kutoka chaneli hadi chaneli ndiyo kazi iliyozaliwa nayo: unaweza kuweka masafa matano ya SO-50 na kuiacha izunguke yenyewe. Na ina AM ya ndege, jambo ambalo wengi hulipenda (kabla hujasikiliza mawasiliano ya wengine, ulizia sheria ya nchi yako).

Lakini iweke kando ya orodha ya hapo juu. ISS, inapata. SO-50, inapata. AO-7, haina SSB, hupati. Meteor, hupati. QO-100, hupati. Yaani umelipa mara nne ya redio ya upepo ya Kichina na umesikia vile vile viwili. Zamani, mambo ya angani yalipokuwa ya analogi, skana ilikuwa chaguo la akili. Leo nampendekezea mtu anayetaka kusikia ndege, meli na zimamoto, na ISS iwe ya ziada.

Redio ya upepo: Baofeng UV-5R na Quansheng UV-K5

Hizi ndizo zinazoshikwa na walinzi, waongoza watalii na wasimamizi wa sherehe. UV-5R hupokea 136 hadi 174 na 400 hadi 480 au zaidi, kwa FM tu. Kwa dola 20 hadi 30 unaipata, na mara nyingi ndugu yako anayo tayari kwenye kabati.

Inasikia ISS? Ndiyo, bila shida. Lakini ikitoka kwenye boksi imepangwa kwa kazi ya walinzi, si ya anga, na watu wengi wanaidhania mbovu kwa sababu ya mipangilio. Bonyeza menyu, nenda namba 0, weka skwelchi iwe 0 ili mlango wa sauti ubaki wazi. Sauti ya angani huanza ikiwa dhaifu kuliko mchakacho, na skwelchi inaifungia nje. Namba 3, SAVE, izime, maana redio ikijaribu kuokoa betri inasinzia vipande vipande na kukata mwanzo wa kila pakiti. Namba 5 weka WIDE. Namba 7, TDR, izime pia, la sivyo itakuwa inarukaruka kati ya masafa mawili wakati ISS inapita. Mambo manne hayo yanageuza redio.

Kisha kuna kitufe cha kurushia. Hapa sina mzaha. Redio hii inaweza kurusha, na kurusha bila leseni ni kosa, Tanzania kwa TCRA, Kenya kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Zaidi ya sheria, kuna adabu: ukibonyeza kwenye masafa ya ISS wakati shule fulani inazungumza na mwanaanga, unaweza kuwaharibia watoto dakika kumi walizozisubiri mwaka mzima. Ukiipanga redio kwa kompyuta kupitia programu ya CHIRP, kwenye safu ya Duplex andika "off" kwa kila chaneli ya angani. Baada ya hapo hata mtoto akibonyeza, haitarusha kwenye chaneli hiyo.

Udhaifu wa UV-5R ni masikio yake. Katikati ya mji, mawimbi yenye nguvu huizidi na kuifanya kiziwi. Pale Tanga juu ya paa letu inasikia vizuri. Nilipoipeleka Kariakoo kwa ndugu yangu, ghorofa ya nne, ISS ileile ilikuja kama sauti ya mtu aliyeziba mdomo.

Quansheng UV-K5 ni ya bei ileile na mimi ndiyo ninayoipendekeza kuliko UV-5R. Inapokea kuanzia megahezi 50 hadi 600, ina AM ya ndege, ina kumbukumbu 200, na baadhi ya matoleo yanachajiwa kwa waya wa USB-C, kitu ambacho kwenye safari kina thamani kubwa. Wapenzi wa redio wameiandikia programu mbadala za ndani zinazoipa kioo cha kuonyesha mawimbi, hivyo unaweza kuona kwa macho kijimlima cha ISS kikiinuka kabla hujakisikia. Baadhi ya programu hizo huongeza SSB ya kubahatisha. Usinunue kwa ajili ya hiyo.

Kipokezi cha USB: RTL-SDR

Kina umbo la flashi. Unakichomeka kwenye laptopu, au kwenye simu ya Android kwa waya wa OTG, na redio yenyewe inakuwa programu. Asili yake ni vidude vya kutazamia televisheni kwenye kompyuta. Mwaka 2012 watu waligundua kwamba chipu yake, RTL2832U, inaweza kumwaga mawimbi ghafi badala ya picha za TV, na tangu hapo mpenzi wa redio asiye na fedha amefunguliwa mlango ambao zamani ulikuwa wa maabara.

RTL-SDR Blog V3 na V4 ndizo za kuaminika. Ni dola 30 hadi 40, na ukiongeza seti ya antena inapanda kidogo. Zinafika hadi megahezi 1,766, zinaonyesha upana wa megahezi 2.4 kwa mkupuo mmoja, na zinapokea FM, AM, SSB, mosi, kidijitali, chochote ambacho kuna programu yake. SDR++ ni nyepesi na inaenda hata kwenye laptopu ya zamani. SatDump ndiyo ya Meteor: unaiwasha, unachagua setilaiti, na inapomaliza kupita picha iko kwenye folda.

Ubaya? Kinadai kompyuta. Juu ya paa, jua la saa saba, kioo hakionekani na betri inakwisha. Kinapata joto. Kompyuta yenyewe inapiga kelele za umeme zinazoingia kwenye kipokezi, kwa hiyo weka waya wa USB wa mita moja au mbili kati yao. Na ukiwa jirani na minara ya FM, inabidi kuongeza kichujio cha kuzuia megahezi 88 hadi 108, dola nyingine kumi hadi ishirini, la sivyo utaona taarabu ikitokea mahali pasipostahili.

Jihadhari na bandia. Cha kwanza nilichonunua kilikuwa na jina zuri kwenye ganda na bei ya kutamanisha, kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye baadaye hakujibu ujumbe hata mmoja. Kila kilipopata joto masafa yalihama, nikawa naikimbiza ISS mahali ambapo haipo. Kipokezi halali kina saa ya ndani iliyodhibitiwa, hakihami zaidi ya sehemu moja kwa milioni. Kwa sauti ya FM kuhama kidogo si kitu. Kwa SSB ni kila kitu.

Kwa mkupuo mmoja

| | Uniden BC125AT | UV-5R / UV-K5 | RTL-SDR V3/V4 |
|---|---|---|---|
| Bei, bila ushuru | dola 100 na zaidi | dola 20–30 | dola 30–40, na kompyuta au simu |
| ISS, sauti na SSTV | ndiyo | ndiyo | ndiyo |
| SO-50 | ndiyo, kwa antena nzuri | ndiyo, kwa antena nzuri | ndiyo, kwa antena nzuri |
| AO-7 (SSB) | hapana | hapana | ndiyo |
| Meteor, picha | hapana | hapana | ndiyo |
| QO-100 | hapana | hapana | ndiyo, kwa dishi |
| Bila kompyuta | ndiyo | ndiyo | hapana |
| Inaweza kurusha kwa bahati mbaya | hapana | ndiyo | hapana |

Dishi la TV na setilaiti isiyozama

Sasa QO-100. Mwaka 2018, Novemba 15, Qatar ilirusha setilaiti ya televisheni iitwayo Es'hail-2, ikaikalisha nyuzi 25.9 mashariki juu ya ikweta. Ndani yake kuna mtambo wa wapenzi wa redio, wa kwanza duniani kuwekwa kwenye setilaiti inayoonekana kutulia mahali pamoja. Unafunika kuanzia Brazili hadi Thailand, na Afrika yote imo.

Mtu wa London akitaka kuisikia anaelekeza dishi nyuzi 26 tu juu ya upeo, na ghorofa la jirani linaweza kumziba. Dar es Salaam ni nyuzi 72, upande wa magharibi kaskazini. Nairobi ni 77. Iko karibu juu ya utosi. Hakuna mwembe wala ghorofa la kukuzuia, na mawimbi yanapita hewa kidogo kuliko kwa mtu wa Ulaya. Huhitaji kusubiri ipite. Unafungua laptopu saa nane usiku, watu wapo, wanaongea.

Vifaa vyake viko mtaani tayari. Dishi la sentimeta 60 hadi 90, lile lile la king'amuzi. LNB, yaani kile kichwa cha kupokea kilicho mbele ya dishi, ya kawaida ya bendi ya Ku, ya aina ya PLL, kwa sababu zile za zamani zinahama masafa zikipigwa na jua. Mtambo unashuka kwenye megahezi 10,489.5 hadi 10,490. LNB inapunguza 9,750 humo, kinachofika kwenye waya ni 739.5 hadi 740, na hapo RTL-SDR inapaona bila tabu. Hesabu hiyo ndogo ya kutoa ndiyo siri yote.

Kitu kimoja kinachounguza vifaa: LNB inahitaji volti 13 kupitia waya huohuo wa antena, na RTL-SDR hairuhusiwi kuziona hizo volti. Njia ya bei rahisi ni kigawanyio cha waya wa dishi, kile chenye upande mmoja unaopitisha umeme na mwingine unaouzuia. Upande unaopitisha unakwenda kwenye king'amuzi kikuukuu, ambacho kazi yake sasa ni kutoa umeme tu. Weka chaneli yoyote ya mawimbi ya wima (vertical) ili kitoe volti 13, si 18. Upande unaozuia unakwenda kwenye RTL-SDR. Kabla ya kuchomeka, pima kwa mita. Mimi hupima kila mara, hata nikiwa na uhakika.

Kwa kulenga, kama mtaani kuna fundi dishi, mwambie atafute nyuzi 26 mashariki, jirani na setilaiti za Badr za Kiarabu. Atakuelewa upesi kuliko ukimtajia QO-100. Kwenye kioo utajua umefika ukiona mlima uliosimama katikati kwenye 10,489.75 na vinara viwili vya mosi kwenye kingo zote mbili. Kati yao kuna vijistari vinavyocheza. Kila kijistari ni mtu.

Ukitaka kuonja kabla ya kununua, kuna vipokezi vya QO-100 vilivyowekwa mtandaoni, kikiwemo cha Goonhilly, Uingereza, ambavyo unavisikiliza kwa kivinjari tu. Tumia kifurushi cha usiku mmoja hapo kabla ya kutoa hata shilingi.

Fedha ifuate antena

Kuna kosa ambalo nimeliona kwa karibu kila anayeanza: bajeti yote inaishia kwenye redio, na antena inabaki ile fupi ya mpira iliyokuja nayo. Antena ile imetengenezwa kwa mtu anayeongea na mwenzake ng'ambo ya uwanja. Redio ya dola 25 yenye waya uliokatwa vizuri inaishinda skana ya dola 120 yenye kipande cha mpira, na hilo nimelijaribu kwa mikono yangu, dakika ileile, ISS ileile.

Kwa redio ya mkononi, anza na antena ya kuvuta au ndefu ya sentimeta 40 na kitu. Kisha fanya hili ambalo halina gharama: kata waya wa umeme wa sentimeta 49, uuchubue ncha, uufunge kwenye chuma cha chini cha antena, uache uning'inie kama mkia. Redio ya mkononi inakosa nusu ya antena yake. Mkia huo ndio nusu iliyopotea.

Kwa Meteor, vyuma viwili vya sentimeta 53 kila kimoja, vimelazwa kama herufi V iliyofunguka nyuzi 120, mhimili wake ukielekea kaskazini na kusini. Nilitumia vyuma vya mwavuli na kiunganishi cha waya cha fundi umeme. Picha ya kwanza ilikuwa na mistari ya kelele kusini, lakini Unguja na Pemba zilionekana, na mkondo wa mawingu kutoka Mafia hadi Msumbiji.

Kwa SO-50 utahitaji antena ya kuelekeza, ya matawi, inayoweza kutengenezwa kwa bomba la plastiki na futi ya chuma ya fundi seremala. Utaishika mkononi na kuifuata setilaiti angani. Pia itakubidi ufuate mabadiliko ya masafa: setilaiti inayokujia kwa kilometa zaidi ya saba kwa sekunde hupandisha masafa, ikiondoka huyashusha, kama king'ora cha gari la wagonjwa kinavyobadilika likikupita. Kwa SO-50 ni kilohezi kumi hivi juu na chini. Weka kumbukumbu tano: 436.805, 436.800, 436.795, 436.790, 436.785, na uzipitie kwa mpangilio huo kuanzia inapochomoza. Kwa ISS kwenye 145.800 tofauti ni kilohezi tatu na nusu tu, na FM inaimeza. Huhitaji kugusa kitu.

Mimi ningefanyaje

Kama una laptopu yoyote inayowaka, nunua RTL-SDR halali na seti ya antena. Usifikirie mara mbili. Kinafungua milango yote mitano kwa bei ya theluthi ya skana. Kama dishi la zamani liko uani, ongeza LNB ya PLL na kigawanyio, una setilaiti ya saa 24.

Kama huna laptopu, au unataka kitu cha kuwaonyesha wanafunzi uwanjani, UV-K5 na waya wa mkia. Mwalimu mwenye redio hiyo moja na simu yenye Robot36 anaweza kulionyesha darasa zima picha iliyotoka angani. Nimeona uso wa mpwa wangu picha ilipoanza kujichora. Alikuwa amechoka kusubiri, ananiuliza, "Mjomba, mbona inavuma tu?" Kisha ule mlio wa kupanda na kushuka ukaingia, mstari wa kwanza wa rangi ukatokea juu ya kioo, na hakusema neno tena kwa dakika mbili. Tulipata robo tatu ya picha. Iliyobaki ilizama na kituo nyuma ya Bahari ya Hindi. Bado ipo kwenye simu yake.

BC125AT ningeinunua baada ya hizo mbili, kama ningekaa karibu na uwanja wa ndege au bandari.

Ukishapata redio, usisubiri siku ya SSTV. Pakua programu ya kutabiri mapito ya setilaiti, weka mji wako, utafute pito la ISS linalopanda zaidi ya nyuzi 40. Panda mahali pa wazi dakika tano kabla. Weka 145.825, skwelchi 0. Shika redio ikiwa imelala kidogo, si wima, na uigeuze taratibu upande huu na huu, kwa sababu mawimbi yanayokuja yanajizungusha njiani na kuna pembe moja ambapo yanasikika vizuri zaidi kuliko nyingine zote. Utasikia mchakacho mtupu kwa dakika moja, pengine mbili. Kisha "krrrt". Hiyo ni pakiti iliyopanda kutoka kwa mtu fulani chini, ikapokewa na kituo kinachokwenda kilometa 27,000 na zaidi kwa saa, ikarudishwa hadi kwenye kiganja chako.